Yahtzee: maswali ambayo kila mtu anauliza akikaa mezani mara ya kwanza

Mimi ndo yule mtu wa kushika penseli. Kila tukikaa kucheza kuna mmoja lazima aulize "sasa hii naandika wapi?" naeleza, dakika kumi mbele anauliza mwingine swali lile lile, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja nipumzike. Ya mwanzo ni marahisi, yenye ugomvi yako huko katikati.

Yahtzee ni mchezo gani hasa?

Dadu tano, karatasi yenye viboksi 13, na kila mtu ana zamu 13. Kwenye zamu yako unarusha dadu ukitafuta mpangilio fulani, alafu unaandika pointi zako kwenye kiboksi kimoja tu. Kiboksi ukishakiandika kimefungwa, hurudi tena pale. Viboksi vyote vikijaa mnajumlisha, mwenye nyingi kashinda, basi.

Watu wanadhani ni bahati tupu. Bahati ipo sana tu, sikatai, lakini anayeshinda mara kwa mara siyo mwenye mkono wenye baraka, ni yule anayejua kiboksi gani akichome na kipi akitunze. Kuchoma maana yake kuandika sifuri, tutafika huko.

Lazima ninunue seti yenyewe?

Hapana. Dadu tano zozote za kawaida, karatasi na kalamu. Kikombe cha kutikisia kinasaidia, kwanza kina kelele nzuri, pili kinawabana wale ndugu ambao hawarushi dadu, wanailaza mezani taratibu kama wanalaza mtoto. Mnawajua. Karatasi chora mwenyewe, mistari 13 kwenda chini na safu moja kwa kila mchezaji, acha nafasi ya bonasi pale katikati.

Ukiokota dadu za kuchanganya-changanya zikague kidogo: pande zinazotazamana huwa zinajumlisha 7, yaani 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4.

Tunacheza watu wangapi?

Hata peke yako inawezekana, unashindana na rekodi yako ya jana. Wawili mpaka wanne ndo utamu wake. Mkizidi sita kila mtu akimaliza zamu anachukua simu na ikirudi kwake inabidi aitwe mara tatu.

Zamu moja inaendaje?

Unarusha dadu zote tano. Unaangalia, unachagua za kubaki nazo, unaziweka pembeni, zilizobaki unarusha tena. Unaangalia tena, unachagua tena, unarusha mara ya tatu. Baada ya hapo hakuna kurusha, unaandika. Kwa hiyo ni mara moja ya lazima na mbili za hiari, jumla tatu.

Lazima nimalize mara zote tatu?

Sio lazima. Ukipata unachotaka mara ya kwanza simama hapo hapo uandike, na mirusho iliyobaki haihamii zamu ijayo, inapotea.

Nimeshaweka dadu pembeni, naweza kuirudisha kwenye kikombe?

Ndiyo, na hili watu wengi hawalijui kabisa, wanacheza miaka na miaka wakidhani dadu ikishawekwa pembeni imeganda. Mfano umebaki na 5 mbili, mrusho wa pili ukakuletea 3 tatu, chukua hizo 3, zile 5 zirudi kikombeni ukipenda. Kabla ya mrusho wa tatu dadu zote tano ni zako, unaamua upya.

Natakiwa kutangaza natafuta nini kabla ya kurusha?

Hapana, nyamaza zako. Unaamua mwisho kabisa ukishaona kilichotoka.

Viboksi vya juu vinahesabiwaje?

Viko sita, kimoja kwa kila namba: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Unahesabu dadu za namba hiyo peke yake, nyingine huzigusi. Umetoa 4-4-4-2-6 na unaandika kwenye kiboksi cha 4, ni 12. Ile 2 na ile 6 hazina kazi hapo. Ungeandika kwenye cha 6 ungepata 6 tu, na kwenye cha 2 ungepata 2. Rahisi.

Hiyo bonasi ya 35 inapatikanaje, na mbona ni 63?

Viboksi sita vya juu vikifika jumla ya 63 au zaidi unaongezewa 35. Na hiyo 63 haikuokotwa njiani: ukipata dadu tatu za kila namba, yaani 1 tatu, 2 tatu, 3 tatu mpaka 6 tatu, inakuwa 3 + 6 + 9 + 12 + 15 + 18, ambayo ni 63 kamili. Kwa hiyo kila kiboksi cha juu kina deni lake la dadu tatu.

Hapa naomba mnisikilize maana ndo mahali michezo mingi inaamuliwa na watu hawajui. Usihesabu jumla, hesabu ziada na pungufu. Ukipata 6 nne umeandika 24, deni lilikuwa 18, una ziada ya 6. Baadaye ukiandika 2 mbili tu ni 4, umepungukiwa 2. Ukapata 1 moja, umepungukiwa 2 tena. Jumla bado una ziada ya 2 na bonasi iko njiani. Mimi huwa naandika kitu kidogo pembeni ya karatasi, +6, alafu +4, alafu +2, mpaka kuna mpwa wangu aliniuliza kama nakopesha watu.

Maana yake ni kwamba namba kubwa zinabeba namba ndogo. Ukiwa na ziada kwenye 5 na 6, hata kiboksi cha 1 kikienda na kitu kidogo haikuumi. Kinyume chake haiwezekani: hata ukipata 1 zote tano ni pointi 5, ziada ya 2 tu.

Viboksi vya chini ni vipi?

Viko saba. Nitavitaja kwa majina tunayoyatumia sisi mezani.

Tatu sawa: angalau dadu tatu za namba moja, unajumlisha dadu ZOTE tano. 5-5-5-6-2 inakuwa 23. Nne sawa: hivyo hivyo ila ziwe nne, na bado unajumlisha zote tano. Hapa ndo watu hukosea, wanajumlisha zile zinazofanana tu, hapana, hiyo ni ya juu.

Fulhausi: tatu za namba moja na mbili za nyingine, mfano 3-3-3-6-6. Pointi 25, haijalishi namba gani. 1-1-1-2-2 ni 25 na 6-6-6-5-5 ni 25, inauma lakini ndo hivyo.

Mfuatano mfupi: dadu nne zinazofuatana, 1-2-3-4 au 2-3-4-5 au 3-4-5-6. Pointi 30. Mfuatano mrefu: zote tano, 1-2-3-4-5 au 2-3-4-5-6. Pointi 40.

Yahtzee yenyewe: tano zote sawa. Pointi 50, na ruhusa ya kupiga kelele.

Bahati: chochote kile, jumlisha dadu zote tano. Hiki ni kiboksi cha kukimbilia mvua ikinyesha.

Kwenye mfuatano mfupi ile dadu ya tano lazima iwe nini?

Iwe yoyote. 2-3-4-5-5 ni sawa, 1-2-3-4-6 ni sawa. Hata mfuatano mrefu unaweza kuuandika kwenye mfupi kama mrefu umeshajaa, unapata 30. Na mpangilio wa kutua haujalishi, dadu hazisomwi kutoka kushoto kwenda kulia. Najua inaonekana ni kitu cha wazi lakini nimeshaulizwa.

Nimepata nne sawa, lazima niandike kwenye nne sawa?

Hapana, andika popote panapokulipa. Nne sawa ni tatu sawa pia. Inaweza kwenda kiboksi chake cha juu, au Bahati. Mchezo haukulazimishi isipokuwa kwenye Yahtzee ya pili, na hiyo ina sheria zake, subiri.

Nimetoka patupu kabisa, siandiki kitu?

Lazima uandike. Kila zamu inajaza kiboksi kimoja, hakuna kuruka zamu. Kama hakuna kinachofaa unachagua kiboksi unakiwekea sifuri, ndo kuchoma kwenyewe. Ukichoma umechoma, zamu mbili mbele ukipata kile ulichokichoma kaa nacho moyoni.

Sasa nichome kipi?

Swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu. Nitajibu nilivyojifunza mimi, kwa maumivu.

Cha kwanza kuchoma, au kutupia takataka, ni kiboksi cha 1. Hata ukikipata vizuri, dadu tatu, ni pointi 3. Kwa hiyo umetoka 1-2-2-5-6 mwanzoni mwa mchezo na hauna la kufanya, andika 1 kwenye kiboksi cha 1 na uendelee na maisha. Umepoteza pointi 2 kwenye deni la juu. Wengine wanakimbilia Bahati, wanaandika 16, wanaona wameokoa jahazi. Hapana, Bahati ni akiba ya mbele huko, mkiwa mmebakiza zamu nne na mambo ni magumu utaitafuta huioni.

Cha pili ni kiboksi cha 2, sababu ile ile.

Baada ya hapo angalia kipi kigumu kupatikana. Nne sawa ni ngumu, mfuatano mrefu ni mgumu, Yahtzee ni ngumu zaidi. Ukikaribia mwisho na kimoja hujakipata, mara nyingi ni afadhali kuchoma kigumu kuliko kuharibu kiboksi cha 5 au cha 6 chenye bonasi ndani yake.

Ila Yahtzee usiichome mapema. Mimi niliichoma zamu ya nne, nimekasirika tu, nikasema hii kitu haitokagi. Zamu ya sita nikarusha 4-4-1-4-6, nikabaki na 4 tatu, mrusho wa pili zikaja mbili: 4 na 4. Zote tano zimekaa pale mezani zinaniangalia. Na kwa sababu kiboksi cha Yahtzee kilishakuwa na sifuri, na cha 4 kilikuwa bado wazi, ikabidi niandike 20 kule juu badala ya 50. Shangazi hakucheka, alikohoa tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Yahtzee ya pili nafanyaje?

Kama kiboksi cha Yahtzee kina 50, kila Yahtzee nyingine inakupa bonasi ya 100. Mia nzima. Ukipata ya tatu ni mia nyingine. Lakini bado ni zamu, kwa hiyo lazima ujaze kiboksi kimoja, na hapa dadu zako zinageuka jokeri. Utaratibu ni huu, na unafuatwa kwa mpangilio:

Kwanza, angalia kiboksi cha juu cha namba hiyo. Umepata 5 tano na kiboksi cha 5 kiko wazi, lazima uandike pale, 25. Huna hiari.

Pili, kama hicho kimeshajaa, unaruhusiwa kiboksi chochote cha chini kilicho wazi na unapewa pointi zake kamili. Ndiyo, hata fulhausi 25, hata mfuatano mfupi 30, hata mfuatano mrefu 40, ingawa dadu zako ni 5-5-5-5-5 na hakuna kinachomfuata mwenzake. Wageni hapa wanagoma kabisa, wanaona tunawaibia. Hapana, ndo maana ya jokeri.

Tatu, kama vya chini vyote vimejaa, unachoma kiboksi kimoja cha juu kilichobaki wazi. Mia yako unabaki nayo lakini.

Na kama kiboksi cha Yahtzee niliandika sifuri?

Hakuna mia. Jokeri unaipata bado, kwa utaratibu ule ule, ila mia sahau. Ndo maana nimesema usiichome mapema.

Na kama kiboksi cha Yahtzee bado kiko wazi, tano sawa zinaweza kwenda fulhausi?

Kiko wazi kwa nini usiandike 50? Sijui nani anafanya hivyo, lakini nimeshaulizwa mara mbili. Jokeri inafanya kazi pale tu kiboksi cha Yahtzee kimeshaandikwa kitu. Andika 50.

Uwezekano wa kupata hivi vitu ni kiasi gani?

Dadu tano zina matokeo 7,776, hiyo ni 6 mara 6 mara 6 mara 6 mara 6. Kwenye mrusho mmoja tu, Yahtzee ni 6 kati ya hizo, yaani mara moja kati ya 1,296. Mfuatano mrefu moja kwa moja ni karibu asilimia 3, fulhausi moja kwa moja karibu asilimia 4. Ukizipata mrusho wa kwanza usifikiri sana, shukuru uandike.

Ukitumia mirusho yote mitatu na ukaifukuzia Yahtzee tu, inakuja karibu asilimia 4.6, kama mara moja kila zamu 22. Kwa kuwa mchezo una zamu 13, kumaliza bila Yahtzee hata moja ni kawaida kabisa, sio kwamba umerogwa.

Niwe nabakiza dadu gani? Nipeni mfano.

Chukua huu, unatokea sana. Umerusha 1-3-4-5-1 na umebakiza mrusho mmoja, unahitaji mfuatano mfupi. Mtu anaona 1-3-4-5 anasema "nina nne tayari, nahitaji 2 tu," anabaki nazo, anarusha dadu moja. Atafanikiwa ikija 2, au ikija 6 maana inakuwa 3-4-5-6. Hiyo ni 2 kati ya 6, theluthi moja.

Sasa iachie ile 1. Baki na 3-4-5, rusha dadu mbili. Unahitaji 2 au 6 kwenye mojawapo, na hiyo inatokea mara 20 kati ya 36, zaidi ya nusu. Ile 1 iliyoonekana rafiki ndo ilikuwa inakuzibia njia. Nikimwonyesha mtu hili kwa mara ya kwanza huwa anarusha mwenyewe mara kumi ahakikishe.

Mfuatano mrefu nao una siri hiyo hiyo. Ukiwa na 2-3-4-5 na mirusho miwili imebaki, uko wazi pande mbili, 1 au 6 zote zinakufaa, na uwezekano ni 20 kati ya 36 tena. Ukiwa na 1-2-3-4 unasubiri 5 peke yake, inashuka mpaka 11 kati ya 36. Dadu nne zinafuatana zote mbili lakini siyo mali sawa.

Na hili swali lingine: 6-6-2-3-5 mrusho wa kwanza, mchezo ndo unaanza. Mimi nabaki na 6 mbili. Ile 2-3-5 inavutia lakini katikati kuna shimo la 4, na 6 ni namba yenye deni kubwa kule juu. Tuseme mrusho wa pili zinakuja 6-6-6-1-4, wa tatu 6-6-6-2-4. Una 18 kwenye kiboksi cha 6 au 24 kwenye tatu sawa. Ishirini na nne ni kubwa, ndiyo, lakini ningeandika 18 juu, maana tatu sawa utaipata na namba nyingine yoyote na kiboksi cha 6 hakijazwi na kitu kingine zaidi ya 6. Kuna watu tunabishana nao hapa mpaka kesho, sawa, wabishe.

Pointi ngapi ndo nzuri?

Ukipita 200 umecheza vizuri. Watu walioupigia hesabu kwa kompyuta, ikichagua kilicho bora kila zamu, wastani unatoka karibu 254. Kwa hiyo ndugu yako akisema yeye kila siku anapiga 350 muulize alikuwa anacheza na nani.

Ya juu kabisa inayowezekana ni 1,575, yaani Yahtzee zamu zote 13: juu 105 na bonasi 35, chini 235 kwa msaada wa jokeri, na zile bonasi za mia mara 12, yaani 1,200. Hautaiona. Bila zile bonasi za mia ungeishia 375.

Dadu imeanguka sakafuni, au imeegemea kitu, inahesabiwa?

Kubalianeni kabla ya kuanza, tafadhali, siyo wakati imeshaanguka. Kwetu iliyoanguka inarushwa tena hiyo moja, na iliyoegemea tunaijaribu kwa kuweka dadu nyingine juu yake, ikikaa bila kuteleza imelala vya kutosha, ikiteleza inarushwa. Tulifika kwenye hii sheria baada ya mjomba mmoja kudai 6 iliyokuwa imesimama kwa kona kwenye ukingo wa kikombe, na ilikuwa inamkamilishia Yahtzee, na sisi wengine wote tukaona ni 4.

Nimeandika kiboksi kibaya kwa bahati mbaya, naweza kufuta?

Kabla mwenzako hajarusha, futa. Akisharusha, imekula kwako. Tumieni penseli.

Watoto wanaweza?

Kwenye boksi wanaandikaga miaka 8. Mdogo zaidi ya hapo anaweza ukimsaidia kuchagua kiboksi, kurusha na kuhesabu madoa atafanya mwenyewe, na usimjumlishie! Mwache ajumlishe kwa vidole, ataifahamu 5 mara 4 haraka kuliko unavyofikiri. Kwa walio wadogo sana chezeni viboksi vya juu tu, zamu sita, kwisha.

Mchezo mmoja unachukua muda gani?

Watu wanne kama nusu saa hivi. Akiwepo yule wa kufikiri sana, ongeza.

Umetoka wapi huu mchezo?

Yule aliyeupeleka sokoni ni mfanyabiashara wa Marekani, Edwin S. Lowe, mwaka 1956, huyo huyo aliyeusambaza mchezo wa bingo. Inasimuliwa kwamba aliupata kwa mume na mke wa Kanada waliokuwa wanaucheza na marafiki zao kwenye boti yao ya kifahari, na boti ya namna hiyo kwa Kiingereza inaitwa yacht, ndo mzizi wa jina. Lakini michezo ya kufanana nayo, dadu tano na viboksi, ilikuwepo kabla yake, Amerika Kusini kuna Generala. Kampuni ya Lowe ilinunuliwa na Milton Bradley mwaka 1973, siku hizi uko kwa Hasbro.

Nimeona mwingine unaitwa Yatzy, ni huo huo?

Ni ndugu yake, unapendwa sana nchi za Skandinavia. Kurusha ni kule kule, ila viboksi ni 15, wameongeza jozi moja na jozi mbili. Bonasi ya juu ni 50 badala ya 35, fulhausi unajumlisha dadu badala ya kupewa 25, na mifuatano ni ya dadu tano yote: mdogo ni 1 mpaka 5 kwa pointi 15, mkubwa ni 2 mpaka 6 kwa pointi 20. Jokeri hakuna na mia hakuna. Msichanganye karatasi za mchezo mmoja na sheria za mwingine, mtagombana bure.

Na ule wa dadu sita unaoenda mpaka elfu kumi?

Huo ni mwingine kabisa, Farkle. Kule 1 moja ni pointi 100, 5 moja ni 50, unaendelea kurusha mpaka mwenyewe useme basi, na ukirusha kisitoke chochote chenye pointi unapoteza yote uliyokusanya zamu hiyo. Ni mchezo wa roho ngumu. Nitauandikia wake.

Tukilingana pointi mwishoni?

Rudieni kwanza kujumlisha, kwa uzoefu wangu nusu ya sare ni hesabu mbovu, hasa ile bonasi ya 35 mtu kaisahau. Mkiwa bado sawa, sisi kila mmoja anarusha dadu tano mara moja, mwenye jumla kubwa kachukua.